Mkunjo usio na nukta hata moja bado ni mkunjo? Naomba kueleweshwa maana ya mkunjo wa aljebra juu ya fildi

Kibatari

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni.

Niko mwaka wa pili, hisabati. Tumeanza mikunjo ya aljebra na nimekwama ukurasa wa kwanza kabisa, kwenye fasili. Inasema hivi: chukua fildi k. Mkunjo wa aljebra kwenye bapa juu ya k ni polinomia f(x, y) yenye vizidishi kutoka k, isiyo namba tupu. Polinomia mbili zinahesabiwa mkunjo mmoja endapo moja inapatikana kwa kuzidisha nyingine kwa namba ya k isiyo sifuri.

Fildi haina shida. Ni seti ya namba ambamo unajumlisha, unatoa, unazidisha na kugawanya (isipokuwa kwa sifuri) bila kutoka nje ya seti. Namba wiano Q, namba halisi R, namba changamano C, na zile za baki kama F₅ (namba 0 hadi 4, kila jibu likibaki baki ya kugawanya kwa 5). Hapo niko vizuri.

Kinachonishinda: tangu sekondari mkunjo ni kitu unachora. Unatafuta nukta, unaziweka kwenye karatasi ya grafu, unaunganisha. Sasa polinomia yenyewe inageukaje kuwa mkunjo? Tena mfano wa kwanza tuliopewa ni x² + y² + 1 = 0 juu ya R. Huo hauna nukta hata moja, maana miraba ya namba halisi haiwi hasi. Na hiyo "juu ya k" inarudiwa kila mstari, kwa nini?

Mwenzangu wa chumbani ananiambia nikariri nipite. Sitaki. Nawasilisha.

Chapati Moja

Nimesoma mara mbili sijaambulia kitu. Naweka kiti hapa, wataalamu mje.

Mzee wa Vipeo

Marahaba kijana. Usikariri.

Tuanze kwa kuipa nafasi fasili yako ya sekondari, tuone inatufikisha wapi. Tuseme mkunjo ni seti ya nukta (a, b) zinazofanya f(a, b) = 0, basi. Juu ya R.

Chukua x² + y² = 0. Seti yake ni nukta moja, (0, 0). Zidisha hiyo na (x − 1)² + y², upate polinomia ya digrii ya 4 (digrii ni jumla ya vipeo kwenye kijisehemu chenye vipeo vikubwa zaidi) ambayo seti yake ni nukta mbili. Endelea hivyo, nukta kumi, nukta mia, popote utakapo. Kwa hiyo kila rundo la nukta zenye idadi yenye mwisho limeshakuwa "mkunjo".

Sasa chukua x² + y² + 1 = 0 na x⁴ + y⁴ + 1 = 0. Zote hazina nukta. Kwa fasili ya seti hizi ni mkunjo mmoja, seti tupu ni seti tupu. Lakini moja ni ya digrii ya 2 na nyingine ya 4. Nikikuuliza mkunjo huo una digrii gani utanijibu nini?

Na tazama y = 0 pamoja na y(x² + 1) = 0. Juu ya R nukta zake ni zilezile, mhimili wa x. Ila mlinganyo wa pili una kigawo cha ziada ambacho R haikioni. Ingia C, mara inachomoza mistari miwili mipya, x = i na x = −i (i ni √−1).

Kwa hiyo seti ya nukta inapoteza habari. Polinomia inazitunza zote. Ndiyo maana fasili imeshika polinomia.

Kibatari

Asante mzee. Lakini naona shida zote ulizotaja zinatokana na R kuwa na upungufu. Tukisema mkunjo ni seti ya nukta ndani ya C, si tumemaliza? Kwa nini tusifanye hivyo tukaachana na haya mambo ya k?

Binti Kipeuo

Mdogo wangu, hilo ni swali zuri na jibu lake lina sehemu mbili.

Ndani ya C, au fildi yoyote iliyofungika kialjebra (yaani kila polinomia ya x isiyo namba tupu ina jibu humohumo), seti ya nukta inakaribia kukwambia kila kitu. Kuna teoremu ya Hilbert ya mwaka 1893 ambayo kwa hali yetu inasema: kama f na g zina nukta zilezile, basi zina vigawo visivyogawanyika vilevile. Kinachoweza kutofautiana ni kila kigawo kimejirudia mara ngapi. Hiyo ndiyo habari pekee inayopotea.

Ni habari ndogo? Hapana. Angalia y² = t. Kwa kila t isiyo sifuri unapata mistari miwili ya mlalo, na mstari wowote wa wima unaikata mahali pawili. Punguza t hadi sifuri. Mistari inasogeleana hadi inalaliana, na mlinganyo unakuwa y² = 0. Ukisema "nukta zake ni za mstari mmoja, basi huu ni mstari mmoja", idadi ya makutano imeruka ghafla kutoka 2 hadi 1. Ukisema ni mstari uliohesabiwa mara mbili, hakuna kilichoruka. Bézout, mwaka 1779, alitoa kanuni kwamba mikunjo ya digrii m na n isiyo na kigawo cha pamoja inakutana kwenye nukta mn ukihesabu vizuri, na "kuhesabu vizuri" ndiko kunakotaka uzijue hizi mara mbili na mara tatu. (Kuna vitabu vinakataza vigawo kujirudia kwenye fasili yenyewe. Ni uamuzi wa mwandishi, angalia chako kimeshika upi.)

Sehemu ya pili ni k. Wewe unaiona kama kero, kumbe kwa watu wa nadharia ya namba ndiyo utamu wenyewe. Chukua duara mbili juu ya Q:

x² + y² = 1
x² + y² = 3

Ndani ya C hizi hazina tofauti ya maana, unapanua moja kwa √3 unapata nyingine. Ndani ya Q ni mbingu na ardhi. Ya kwanza ina nukta zisizo na mwisho: weka namba wiano yoyote t, chukua x = (1 − t²)/(1 + t²) na y = 2t/(1 + t²). Kwa t = 1/2 unapata (3/5, 4/5), kwa t = 2/3 unapata (5/13, 12/13). Ya pili haina hata moja.

Msimbo

Dada hapo kwenye "haina hata moja" usipite haraka, wengine hatujui inathibitishwaje.

Binti Kipeuo

Sawa, ni fupi. Tuseme ingekuwepo. Fanya x na y ziwe na asili moja c, upate namba kamili a² + b² = 3c², na ondoa vigawo vya pamoja mpaka a, b, c zisiwe na kigawo kimoja kinachozigawanya zote tatu. Gawanya mraba wowote kwa 3: baki ni 0 au 1, haiwi 2. Upande wa kulia unagawanyika kwa 3, kwa hiyo baki za a² na b² zikijumlishwa lazima zitoe baki 0, na njia pekee ni zote mbili kuwa 0. Basi a na b zinagawanyika kwa 3, a² + b² inagawanyika kwa 9, kwa hiyo 3c² inagawanyika kwa 9, na c nayo inagawanyika kwa 3. Lakini tulisema hakuna kigawo cha pamoja. Imekwama.

Sasa rudi kwa fasili ya Kibatari. Mlinganyo x² + y² − 3 una vizidishi vya Q, kwa hiyo ni mkunjo juu ya Q. Nukta zake ndani ya Q ni seti tupu. Ndani ya Q(√2), yaani namba za umbo p + q√2, tayari kuna (1, √2). Ndani ya R kuna duara zima. Mkunjo ni mmoja, na kila fildi K iliyoibeba k inakupa seti yake ya nukta. Seti ya nukta ni jibu la swali "ndani ya K unaona nini?", na majibu yanabadilika kadiri K inavyopanuka.

Pingapinga

Mimi naona mnazunguka. Kitu kisicho na nukta hakipo. Huwezi kuniambia kuna mkunjo halafu niutafute nisiuone. Hizi ni mbinu za watu wa aljebra kukwepa jiometri.

Mzee wa Vipeo

Bwana Pingapinga, bidhaa ikiwa dukani na wewe huna hela, utasema bidhaa haipo? Q haina √2 wala √3 ya kulipia nukta za x² + y² = 3. Anayeingia na R anatoka nazo nyingi. Hata x² + y² + 1 = 0 unayoikataa, ukiingia na C unapata (i, 0), (0, i), (1, i√2) na nyingine zisizo na mwisho. Jiometri haijakwepwa, iko pale pale, ila haionekani na kila fildi.

Pingapinga

Haya. Lakini R ina nukta nyingi kuliko zile F₅ zenu. Huko kwenye fildi yenye namba tano mkunjo gani?

Msimbo

Hapo umeingia kwenye mtaa wangu mkuu. Mimi si mtaalamu wa hisabati, naandika programu, ila kila siku natumia mikunjo ya aina hiyo. Bitcoin inasaini miamala kwa mkunjo y² = x³ + 7 juu ya F_p, ambapo p = 2²⁵⁶ − 2³² − 977. WhatsApp inafunga ujumbe kwa kutumia mkunjo mwingine, y² = x³ + 486662x² + x, na p yake ni 2²⁵⁵ − 19. Hakuna mtu aliyewahi kuichora kwenye karatasi, na bado inafanya kazi mfukoni mwako.

Tuufanye wa Bitcoin uwe mdogo, p = 5, kwa mkono. 7 baki ya 5 ni 2, kwa hiyo y² = x³ + 2. Miraba ndani ya F₅ ni 0, 1 na 4 tu.

x = 0: kulia 2, si mraba, hakuna.
x = 1: kulia 3, hakuna.
x = 2: 8 + 2 = 10, yaani 0. Nukta (2, 0).
x = 3: 27 + 2 = 29, yaani 4. Nukta (3, 2) na (3, 3).
x = 4: 64 + 2 = 66, yaani 1. Nukta (4, 1) na (4, 4).

Nukta tano. Ukizichora ni kama mtu amemwaga mbegu, hakuna mstari wa kuunganisha chochote. Kinachozifanya mkunjo ni ule mlinganyo.

Na jaribu p = 7 uone maajabu: 7 inakuwa 0, mlinganyo unageuka y² = x³, wenye ncha kali pale (0, 0). Huo kwa kazi yetu haufai kabisa. Mlinganyo ulioandikwa ni uleule, fildi imebadilika, na tabia imebadilika.

Binti Kipeuo

Msimbo umenirahisishia. Ongezeni na hili, maana ndilo linaloua kabisa fasili ya seti ya nukta. Juu ya F₅ chukua f = x⁵ − x. Kila namba ya F₅ ukiipandisha kipeo cha 5 inajirudia yenyewe (teoremu ndogo ya Fermat), kwa hiyo f ni sifuri kila mahali. Nukta zote 25 za bapa la F₅ ziko juu yake! Kwa fasili ya seti, bapa zima ni mkunjo. Kwa fasili ya polinomia hakuna cha ajabu: x⁵ − x = x(x − 1)(x − 2)(x − 3)(x − 4), mistari mitano ya wima, na F₅ ina nafasi za mistari mitano ya wima tu, ndiyo maana bapa limejaa. Nenda F₂₅ (si baki za 25, ni fildi ya namba 25 inayopatikana kwa kuipanua F₅), bapa lina nukta 625, mistari hiyo mitano inachukua 125, na pengo linaonekana.

Vivyo hivyo y = 0 na y + x⁵ − x = 0. Ndani ya F₅ nukta ni zilezile tano. Moja ni mstari, nyingine ni ya digrii ya 5.

Kibatari

Hii ya mistari mitano imeniingia kuliko yote. Sasa naomba mawili ya mwisho.

La kwanza: kwa nini kuzidisha kwa namba kunaruhusiwa, na kwa nini namba tu?

La pili: x² − 2y². Juu ya Q haigawanyiki, ila juu ya R ni (x − √2y)(x + √2y). Ni mkunjo mmoja au miwili?

Mzee wa Vipeo

La kwanza jepesi. x + y − 1 = 0 na 2x + 2y − 2 = 0 hakuna anayetaka kuyatofautisha. Ukizidisha kwa x badala ya namba, umeongeza mstari x = 0 kwenye mchoro, huo ni mkunjo mwingine. Jambo la kuangalia: √2x + √2y − √2 si polinomia ya Q, lakini juu ya R ni mkunjo uleule wa x + y − 1. Kwa hiyo mkunjo "umefasiliwa juu ya Q" kama *kuna* njia ya kuuandika kwa vizidishi vya Q, hata kama mtu aliyekuletea ameuandika vibaya.

La pili nampisha Binti Kipeuo.

Binti Kipeuo

Juu ya Q ni mkunjo mmoja usiogawanyika. Juu ya R ni mistari miwili. Ndiyo jibu la "kwa nini juu ya k inarudiwa kila mstari": swali lako halina jibu mpaka useme k. Nukta zake ndani ya Q ni (0, 0) peke yake, maana √2 si namba wiano, na nukta hiyo ndipo mistari miwili inapokatana. Mikunjo inayobaki haigawanyiki hata ukienda fildi kubwa kiasi gani ina jina lake maalumu, "isiyogawanyika kijiometri". Duara x² + y² = 3 ni wa aina hiyo hata kama ndani ya Q ni mtupu.

Halafu fanya zoezi hili kabla hujalala. Duara x² + y² = 1 na parabola y = x². Zinakutana kwenye nukta ngapi? Anza Q, halafu R, C, F₅.

Pingapinga

Bézout wenu anasema 2 × 2 = 4. Na duara mbili je? Nazo ni za digrii ya 2, na sijawahi kuona duara mbili tofauti zikikatana mahali panne.

Mzee wa Vipeo

Umeuliza la maana. Nukta mbili zimejificha ukomoni. Ongeza kigeu z, duara linakuwa x² + y² + (vitu vyenye z) = 0, weka z = 0, linabaki x² + y² = 0, ambalo ndani ya C lina (1 : i : 0) na (1 : −i : 0), yaani uwiano wa x, y na z. Kila duara duniani linapita hapo. Mbili unazoziona, mbili hizo, jumla nne. Bézout anataka vitu viwili, fildi iliyofungika kialjebra na bapa lililoongezewa nukta za ukomo.

Kibatari

Nimefanya zoezi. Naweka y mahali pa x²: y² + y − 1 = 0, kwa hiyo y = (−1 ± √5)/2.

Q: √5 haimo, nukta 0.
R: y moja ni chanya, nyingine hasi. Ile hasi haina x kwa sababu x² = y. Ile chanya inatoa x mbili. Nukta 2.
C: y mbili, kila moja x mbili. Nukta 4.
F₅: hapa 5 ni sifuri! Kwa hiyo √5 inatoweka, y ni moja tu iliyojirudia, y = −1/2, ambayo ni 2. Halafu x² = 2, na 2 si mraba ndani ya F₅. Nukta 0. Nikienda F₂₅ ambako √2 ipo napata mbili, (√2, 2) na (−√2, 2), na nadhani kila moja ihesabiwe mara mbili kwa sababu y imejirudia?

Binti Kipeuo

Ndiyo, mikunjo imegusana pale badala ya kukatana. Mara mbili, mara mbili, nne.

Chapati Moja

Nipo bado. Kuna fildi ya baki ambayo zote nne zinaonekana kwa macho, bila kwenda kwenye hizo za juu?

Msimbo

Inahitaji √5 iwemo na zile y mbili zote ziwe miraba. F₁₁ inatoa mbili tu, (5, 3) na (6, 3), kwa sababu y nyingine ni 7 na 7 si mraba humo. Nimeandika programu ya mistari michache kutafuta, ikasimama kwenye F₂₉. Huko 11² = 121, baki 5, kwa hiyo √5 ni 11 na y ni 5 au 23. Zote ni miraba. Nukta: (11, 5), (18, 5), (9, 23), (20, 23). Hakiki ya kwanza: 121 + 25 = 146 = 5 × 29 + 1.